Hatua Tatu za Mtaro

Nakumbuka siku moja ya jua kali nilipovaa koti la baridi kwenda kuchimba mtaro. Usicheke, mwanangu. Au cheka tu, mimi mwenyewe hucheka. Lilikuwa koti la sufu, la mitumba, nililolinunua sokoni Tala, refu hadi magotini. Chuo kikuu kilikuwa kimenichagua niende Ulaya kusoma mwaka mmoja, na mwanafunzi wa huko aje kukalia kiti changu hapa. Tangu barua ile ifike, miguu yangu ilikuwa Kangundo lakini kichwa kilishapanda ndege.

Najua unavyojisikia, kwa kuwa nawe sasa umechaguliwa kwenda huko. Juzi nilipokuja kumsalimu mama yako nilikuona ukifungua begi mara ya nne, unatoa nguo, unazirudisha, halafu unakaa kitandani ukiangalia ukuta. Ukuta hauna kitu. Mimi pia niliuangalia sana. Nikichota maji, naona theluji ndani ya ndoo. Nikipura maharagwe, nasikia kengele za miji nisiyoijua. Mama aliniita mara tatu ndipo niitike, tena kwa Kiingereza. Maskini mama! Alikuwa mjane, nami ndiye mtoto wake wa pekee, na hakuniuliza hata siku moja atabaki na nani. Alitabasamu tu, akaniongezea chakula.

Sasa, katika vilima hivi vyetu mtu hachimbi peke yake. Shamba letu lilikuwa la mteremko, mvua moja mbaya na udongo wote uko mtoni. Ndiyo maana tuna mwethya, kikundi cha majirani wanaochimbiana mitaro kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na mtaro una namna moja tu ya kuchimbwa: udongo unautupa juu, upande wa mlimani, uwe tuta. Fanya juu, ndivyo tunavyoita. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Kuutupa chini ni rahisi, mteremko wenyewe unakusaidia, lakini mvua ya kwanza inaubeba wote. Hapa kwetu hata mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo.

Zamu yetu iliangukia siku moja kabla sijaenda ubalozini Nairobi kuhojiwa ili nipewe viza. Wanawake walifika asubuhi na majembe yao na nyimbo zao. Walipoliona koti walicheka hadi wakashikana mabega. Jasho liliponizidi nikalivua, nikalitundika juu ya mkonge, nikaanza kuchimba sehemu yangu, mwishoni mwa mstari. Mikono ilichimba, mimi sikuwepo. Nilikuwa natembea kwenye barabara zenye taa, nikisalimiana na maprofesa. Nilipoinua kichwa, nyimbo zilikuwa zimekoma na wote wananitazama. Nilikuwa nimeutupa udongo wote chini.

Kiongozi wa kikundi alikuwa Mama Syombua, mwanamke mfupi, sauti ya kupasua jiwe.

"Aiya! Wewe Mumbua, hii mchanga unapelekea nani huko chini?"

Hapo ningesema pole, yangeisha. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimesifiwa hadi kanisani. Nikamjibu, "Mimi mwezi ujao niko Ulaya. Mambo ya mchanga ni yenu."

Mwanangu, ulimi hauna mfupa. Mama Syombua aliweka jembe begani, na wengine wakaweka yao. Hakuna aliyetukana. "Sawa," akasema. "Kama ni yetu, wacha tuende tufanye ya kwetu."

Wakaondoka wote, saa nne asubuhi, na mawingu ya mvua yameanza kukusanyika upande wa Konza. Mama aliketi juu ya tuta lililoachwa nusu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mumbua, hao ndio ningebaki nao."

Nakwambia, kichwa changu kilishuka kutoka kwenye ndege siku hiyo hiyo. Nililia, kisha nikashika jembe. Nilianza kuupandisha udongo niliouteremsha, jembe kwa jembe, mpaka malengelenge yakapasuka mikononi. Jua likielekea kuzama nikaenda kwa Mama Syombua. Alikuwa akipukuchua mahindi. Nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Aliniangalia mikono, akaingia ndani, akaniletea samli ya kupaka. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Nilirudi nyumbani na samli yangu, roho nzito.

Kesho yake, ofisa wa ubalozi aliniuliza nyuma ya kioo: tutajuaje kwamba utarudi kwenu? Jibu nilikuwa nalo, nimelikariri wiki nzima, la kujenga taifa na mambo mengine makubwa. Likapotea lote. Nikaitazama mikono yangu, nikasema, "Nimeacha mtaro wa mama haujaisha. Umebaki hatua kumi na tano." Akaniuliza unachimbwaje, nikamweleza. Viza nilipata. Labda ningeipata hata bila mtaro, sijui. Kutoka hapo sikurudi Kangundo, chuo kiliniweka Nairobi kwa maandalizi hadi siku ya ndege.

Huko ugenini nilisoma, nikapata marafiki, nikaiona theluji yenyewe. Ni nzuri, sitakudanganya. Lakini sikuwa na amani mpaka barua ya mama ilipofika. Mwethya walirudi, aliandika, tena kabla mvua haijaanza. Walichimba zote isipokuwa hatua tatu za mwisho. Hapo Mama Syombua aliziba kwa mawe maji yasipite, akakataza mtu yeyote kupagusa. "Hizi ni za Mumbua," alisema. Basi, mwanangu, ndoto zikageuka. Mwanzo nilikaa Kangundo nikiota theluji, sasa nilitazama theluji dirishani nikiota hatua tatu za udongo mwekundu.

Siku niliyorudi, niliiacha chai mezani ikapoa. Nilitoa mawe, nikachimba. Mama Syombua alisimama pembeni, mikono kifuani, akasema neno moja tu: "Juu."

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Sikuzuii, na ndoto zako ziote, ni tamu. Hakikisha tu walimu wako wametia sahihi kwamba masomo ya huko yatahesabiwa ukirudi, usije ukarudia mwaka bure. Lakini kabla ya kufunga begi, waage watu kwa heshima, maana hao ndio mama yako atabaki nao. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na chochote utakachochota huko, kitupe juu, upande wa kwenu, hata mgongo ukiuma. Kilichotupwa chini hutakikuta.

Jumamosi hii mwethya watakuwa kwa mama yako. Njoo uchimbe, bila koti. Nimeshawaambia wakuachie hatua tatu.

Mungu akutangulie uendako na akulinde ulalapo, akupe watu wa kukuitia chai kwenye baridi ile, akurudishe ukiwa mzima. Ukirudi, naomba unikute nimesimama pembeni, mikono kifuani. Na kama hutanikuta, upande wa kuutupa udongo unaujua.