Ukoko wa Mama Mkwe

Kuna watu hapa mtaani Gatina ambao hawajui jina langu wala kazi yangu, lakini wanajua nina nguo ngapi za ndani na ipi imechanika wapi, na siwezi kuwalaumu kwa sababu waliziona zikishuka kutoka orofa ya pili mchana kweupe, na aliyetoa amri zishushwe nilikuwa mimi mwenyewe. Nasema hivi mapema ili mtu asidhani natafuta wa kumtupia lawama. Nimelipitia jambo lile hatua kwa hatua, kama ninavyoipitia redio iliyokataa kuongea, nikitafuta ni wapi hasa waya ulikatika, na kila mara nafika palepale. Kwenye sufuria.

Mke wangu, Mama Faith, alikuwa Kibera, kule Sarang'ombe, nyumbani kwa kaka yake Wafula, akimuuguza mama yao. Mama alikuwa ametoka hospitalini siku nne kabla. Dawa zilikuwa zimemtibu vizuri, ila zilipoondoka ziliondoka na hamu yake ya kula. Wali aliusukuma. Ndizi alizisukuma. Supu ya kuku wa kienyeji (Wafula alihangaika siku nzima kumpata kuku huyo) aliinusa akageukia ukuta. Daktari alikuwa amesema asipokula arudishwe wadi, na mama alikuwa ameapa kwamba wadi harudi, heri wamzike. Asubuhi ya siku ya tano akafungua mdomo akasema anataka kitu kimoja tu, ukoko.

Ukoko ni lile tabaka linaloshika chini ya sufuria baada ya ugali kupakuliwa. Ukiliacha juu ya moto mdogo linakauka, linajibandua lenyewe kama rangi ya ukuta mzee, unalivunja vipande unakula na chai ya maziwa. Si chakula cha mgeni. Ni cha watoto waliozunguka jiko wakigombania nani atakwangua, na labda ndiyo sababu mwanamke wa miaka sabini na kitu, mgonjwa, alikikumbuka kabla ya kukumbuka nyama.

Simu ikalia saa nne asubuhi.

"Baba Faith, niletee ile sufuria yetu nyeusi, ile ya mdomo umepinda. Hapa kwa Wafula ni sufuria za kisasa tupu, ugali unateleza kama samaki, hakuna kitu inashika."

"Sawa."

"Sufuria tu. Umeskia? Usianze mambo yako."

Mambo yangu, kwa anayetaka kujua, ni kusoma. Shule niliiacha darasa la nane, na yote niliyoongeza baada ya hapo nimeyatoa katika vitabu vya mitumba, kimoja kimoja, nikiandika pembeni kwa penseli. Natengeneza redio na vichwa vya mitungi ya gesi, na vijana wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga huniita Prof, nami kwa muda mrefu nilidhani ni heshima tupu.

Basi nilikuwa nimeshaitia sufuria kwenye mfuko, niko mlangoni, kiatu kimoja mguuni, nilipofikiri: kwa nini nipeleke chombo kitupu mpaka Kibera, wapike ugali wangoje ukauke, mgonjwa akisubiri, wakati mimi naweza kupika hapa kwa utaratibu na kufika na ukoko wenyewe? Wazo dogo kabisa. Nikavua kiatu.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Kwetu mwanamume hampikii mama mkwe wake. Hata mkono hampi. Akiingia kwa mlango huu wewe unatokea kwa ule, na kula mkitazamana ni aibu ambayo watu wataisimulia mpaka kwenye mazishi yako. Kwa hiyo nikapanga kwamba ningempa Mama Faith ukoko nje ya nyumba ya Wafula, naye angeuingiza kama wake. Adabu ingebaki mahali pake na mgonjwa angekula. Nikafunga mlango na dirisha jirani wasinione, nikajifunga kiunoni leso ya mke wangu, ile ya maua mekundu, unga usinichafue, nikatoa daftari.

Ukoko wa kwanza ulitoka mweupe na laini, kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Nikaandika: moto mdogo mno. Wa pili ulitoka vizuri sana, ila upande mmoja ulishika rangi kupita kiasi. Nikauvunja nikautia katika mkebe wa biskuti. Ulitosha kabisa, tena ungebaki wa kesho. Mtu mwingine angefunga mkebe akaenda zake.

Lakini ule upande mmoja ulinikera. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mafuta husambaza joto sawasawa, kwa hiyo wa tatu nikaupaka mafuta, vijiko vitatu (kimoja kingetosha, najua sasa), nikafunika. Kwa hesabu yangu ulihitaji dakika ishirini na tano. Nikakumbuka kwamba ukoko bila maziwa ni adhabu. Kwenda dukani na kurudi ni dakika sita. Nikatoka, nikatia kufuli kwa mazoea.

Dukani maziwa yalikuwa yameisha. Nikaenda duka la pili, nikapata pakiti moja, na pale nje akanisimamisha jamaa mmoja aliyekuwa na kichwa cha mtungi wa gesi mkononi.

"Prof, hii kitu inatoa gesi kidogo kidogo, shida inaweza kuwa wapi?"

Mtu mwenye busara angesema, "Niletee jioni." Mimi nilimweleza, kwa sehemu tatu, nikianza na mpira wa ndani, na nikamaliza kwa kumwonya, kwa sauti ya kusikika na wote, juu ya hatari ya kuacha jiko likiwaka bila mtu. Walikuwa wamekusanyika kama watu sita. Walinisikiliza wakitabasamu sana. Mmoja akasema, "Prof, leo umeng'ara." Nikamshukuru. (Leso. Sikuwa nimeivua.)

Nilipokata kona ya kwetu nikasikia masufuria yakigongwa.

Hapa lazima nieleze jambo. Mwaka uliopita ploti ya jirani iliungua, na nilichokiona siku ile ni watu wakimsubiri mwenye chumba aje na ufunguo huku moto ukila paa. Nikakaa chini nikasoma, nikaandika kanuni saba, nikazibandika langoni, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunafanya mazoezi uani. Ya kwanza: ukiona moshi, gonga sufuria, usiulize. Ya pili: zima umeme wa jengo. Ya tatu: mchanga, si maji. Ya nne: mlango ukiwa na kufuli, usingoje mwenye nyumba. Ya tano: godoro litolewe kwanza, maana sponji hushika moto upesi. Nilikuwa nimezirudia mpaka watoto wakazigeuza wimbo wa kuruka kamba. Nami hutembea na filimbi kwenye mnyororo wa funguo.

Nikaingia uani mbio. Moshi ulikuwa umejaa ujia wote wa orofa ya pili, milango minane, hata mmoja hauonekani, ukimwagika juu ya ukingo kama uji uliofurika. Je, sikufikiria kwamba chumba changu kiko huko huko? Nilifikiria. Nikajiambia: changu kiko salama, kina dakika kumi bado. Nikapuliza filimbi.

Na lazima niseme ukweli, walifanya vizuri mno. Umeme ulikuwa umeshazimwa. Ndoo za mchanga zilikuwa zikipanda ngazi mkono kwa mkono. Juu alikuwa Odhiambo, fundi wa kuchomelea vyuma, kitambaa kibichi mdomoni, mtalimbo mkononi.

"Prof!" akaita akikohoa. "Hii nyumba ya moshi iko na kufuli! Ndani hakuna mtu!"

"Kanuni ya nne inasemaje?"

"Sawa, lakini Prof, hii ni ya..."

"Odhiambo! Kanuni ya nne!"

"Usingoje mwenye nyumba!"

"Basi vunja!"

"Kama umesema," akajibu, na mlango ukaenda chini kwa pigo moja. Nikaona fahari. Kweli, nilisimama pale na pakiti ya maziwa nikaona fahari.

Likashuka godoro. Lilikuwa na kiraka cha kitambaa cha buluu, na nikawaza kwamba kumbe kuna mtu mwingine mwenye kiraka kama changu. Likafuata blanketi. Ikafuata ensaiklopidia, juzuu moja moja, zikipiga mabawa kama kuku, na zilipofika saba zikaisha, na mimi ndiye mtu pekee Gatina nzima mwenye juzuu saba asiyeipata ya nane. Kisha mtu akamimina droo.

Mama Shiro, anayeuza mboga langoni, akanigusa bega. "Baba Faith, hizi vitu si ni zenu?"

Juzuu moja ilikuwa imefunguka miguuni pangu, na pembeni mna mwandiko wangu wa penseli.

"Pole, baba. Lakini usijali, Mama Faith nilimpigia zamani, moshi ikianza tu. Wako njiani na teksi."

"Wako? Nani na nani?"

"Na mama yake. Amesema kama nyumba ya mtoto wake inaungua, haezi baki kwa kitanda."

Odhiambo akatokea ukingoni, amekibana kitu cheusi kwa koleo, mchanga ukidondoka. "Moto ni hii tu, wasee! Prof, ulikuwa unachemsha lami?"

Ploti nzima ikacheka kwa pamoja. Nisingeona ajabu kama kilisikika mpaka mtaa jirani wa Riruta. Kijana mmoja akaimba kanuni ya nne, wengine wakaitikia, na mimi nikainama nikaanza kuokota nguo zangu za ndani, kwa sababu hilo angalau lilikuwa na mpangilio.

Nikiwa nimeshika nne, teksi ikaingia langoni.

Mkwe mwenye adabu hapo hutoweka. Nilitazama lango: teksi. Nikatazama ngazi: watu wanarudisha ndoo. Nikafanya lililobaki, nikageuka nikautazama ukuta, leso ya maua kiunoni na zigo langu kifuani, kama mtoto aliyeadhibiwa darasani.

Nikasikia mlango wa gari. Nikasikia fimbo. Nikasikia Mama Faith akisimama nyuma yangu na kupumua.

"Nilikuambia nini?"

"Sufuria."

"Sufuria na nini?"

"Sufuria tu."

"Mama yangu hajala siku nne, nimembeba kwa gari akitetemeka nikidhani nakuja kuokota majivu yako!" Sauti yake ilivunjika hapo, na hilo liliniuma kuliko kicheko chote. Hakukuwa na kiti. Wakamkalisha mama juu ya godoro letu katikati ya ua. Nilimsikia akihema, pumzi ndogo ndogo za mtu aliyechoka, na kicheko uani kikakoma, maana kila mtu alijua ametoka hospitalini juzi tu.

Kisha akanusa. "Hiyo ni harufu ya nini?"

Watu wakatazama koleo la Odhiambo.

"Ni ukoko, mama," Mama Faith akasema. "Huyu mtu alikuwa anapika ukoko."

"Nani?"

"Huyu hapa."

Nilihesabu matofali ya ukuta. Yalikuwa kumi na manne kwenda juu.

"Huo umeungua," mama akasema. "Ule mwingine uko wapi? Ukoko haupikwi mmoja."

Mama Shiro ndiye aliyeuona mkebe, umebonyea, umeviringishwa ndani ya blanketi lililotupwa. Nikasikia kifuniko kikikwama na kufunguka. Halafu nikasikia *kraa*.

Sijawahi kusikiliza kitu kwa makini hivyo, na mimi kazi yangu ni kusikiliza mashine. Kipande cha pili. Cha tatu. Akatafuna polepole, bila haraka ya mtu yeyote.

"Upande mmoja umeshika sana," akasema. "Lakini ndio wenyewe. Chai iko wapi?"

Pakiti ya maziwa ilikuwa bado mkononi, katikati ya nguo. Nikaitoa nikaipitisha juu ya bega bila kugeuka. Mama Faith akaichukua. Akanifungua fundo la leso kwa nyuma, akaivuta, akaenda na maziwa kwenye jiko la Mama Shiro.

Mama alikula vipande vinane na vikombe viwili vya chai, akinipa mgongo, nami nikimpa wangu. Alipomaliza alimwambia binti yake, ingawa mimi niliyekuwa nikiambiwa nilikuwa hatua tatu kutoka pale: "Mwambie mwenye ukoko nimeshiba. Na mwambie asirudie."

Hakurudi wadi. Mkebe ule ulimfikisha Ijumaa, na Ijumaa akaomba samaki. Sufuria nyeusi ilitoboka chini, kwa hiyo Mama Faith amenunua nyingine na kuiweka mbali nami. Mlango nimeutengeneza mwenyewe, kwa utaratibu. Nami nimeapa, mbele ya juzuu zangu zote saba, kwamba nikiambiwa nilete sufuria nitaleta sufuria, ikiwa tupu kama nilivyoikuta.

Kanuni langoni sasa ni nane. Ya nane si mwandiko wangu. Ni wa Odhiambo, kwa makaa, herufi kubwa: PROF ASIPIKE. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, watoto huiimba kwa nguvu kuliko zote. Nimekaa mbele ya karatasi ile mara nyingi, penseli mkononi, nikitafuta kasoro ya kusahihisha, na bado sijaiona.