Fulana Mbili za Kijani

Wateja wakimuuliza fundi habari za mdogo wake, huinama na kutia pini mdomoni. Huzibana kwa midomo, na mtu mwenye pini mdomoni hawezi kulazimishwa kusema. Mteja husubiri kidogo, macho yakiwa kwenye kigoda cha karibu na mlango, kile ambacho mdogo mtu alikuwa akikikalia kila jioni akitoka kazini, miguu ameinyoosha hadi njiani, akiwachekesha waliopo na wapitao. Sasa kigoda kimelundikiwa marobota ya vitambaa. Cherehani inaunguruma, pini zinabaki pale pale, na mteja anaondoka na suruali yake iliyopunguzwa kiuno.

Huyo mdogo mtu alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Wenzake walimwita Mvuke. Asubuhi za baridi alifika kazini akikimbia, na akivua sweta mlangoni mabega yake yalifuka kama sufuria iliyofunuliwa.

"Jifunike, Mvuke, mchuzi utapoa," walimtania.

"Wangu bado uko jikoni," alijibu, akaenda zake kuwasha pasi.

Alikuwa na vidole vya ajabu. Si kwamba vilikuwa vizuri, kwani pasi ilikuwa imeviunguza hapa na pale. Ila vilijua nguo. Angefumba macho, umpe shuka, akuambie hili ni pamba tupu, hili limechanganywa na nailoni, hili limefuliwa mpaka limebaki jina. Wenzake wakibishana juu ya kitambaa walimwita yeye akishike, na shauri likaisha.

Nje ya kazi alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, tena si wa kubahatisha. Alikuwa amewahi kuwaacha wanawake wenye majina makubwa kuliko lake. Alichokosa ni muda. Mtu anayesimama mbele ya pasi kutwa nzima hana miguu ya kufanyia mazoezi jioni. Alikimbilia kazini, akakimbilia nyumbani, Jumapili akaenda mbali, na hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yake yote.

Mavazi hakuyafikiria kabisa. Hiyo ilikuwa kazi ya dada yake.

Mama yao alifariki Mvuke akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Dada yake, ambaye tayari alikuwa akijifunza kushona, ndiye aliyemfunga hizo kamba, akampunguzia magauni yake ya zamani, akamkatia sare ya shule. Mvuke alipoanza kukimbia, dada alikata bukta na fulana kama alivyokata sare, bila kuombwa. Fundi yule hakuwahi kukimbia hata kuwahi basi, lakini alikuwa na jicho. Alisimama kando ya barabara kwenye mashindano, kanga imemzunguka hadi masikioni, akawatazama wanaomaliza vizuri wamevaa nini na wanaoanguka wamevaa nini. Baadaye akawa anamhubiria mdogo wake huku akimpima.

"Ukiwa mstarini na unajisikia vizuri, ujue umevaa vibaya," alisema. "Mwanzo utetemeke kidogo. Joto utaliwasha mwenyewe njiani."

"Na nikiganda?"

"Vaa sweta kuukuu juu. Mkishaanza, mwili ukichangamka, litupe. Na pamba isikuguse ngozi siku ya baridi. Pamba inakunywa jasho halafu haitaki kulitema. Upepo ukija umevaa barafu."

Basi Mvuke alikimbia akiwa amevaa kitambaa chepesi kilichoachia jasho lipite, mafuta mazito mashavuni na mapajani, soksi za zamani mikononi badala ya glavu, na sweta la kutupa. Akawa anashinda.

Walikuwa na desturi yao ya kufunga. Siku ya kuamkia mashindano, dada alimpa nguo zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa, fundo juu, na Mvuke hakulifungua fundo mpaka afike uwanjani. Ilianza kama mzaha. Zamani aliwahi kupewa fulana mpya akakesha akiijaribu mbele ya kioo, kesho yake akakimbia kama mgonjwa. Dada akasema kuanzia leo unaletewa ukiwa umefungiwa, kama mtoto. Mzaha ukageuka mazoea, na mazoea yakageuka kitu ambacho Mvuke alikipenda kuliko mashindano yenyewe. Kulikuwa na raha katika kufungua fundo asubuhi ya baridi, akijua kuna mtu aliyekwishafikiria kila kitu kwa niaba yake.

Dada alikuwa na binti mmoja. Binti alipomaliza shule alikaa dukani akikunja nguo na kuvimbisha mashavu, mpaka Mvuke alipomwambia, "Amka kesho twende, uache kumlia mama yako sukari." Akaamka. Mwezi wa kwanza alilalamika njia nzima. Baadaye akawa anazungumza njia nzima, na hapo Mvuke akajua kwamba ana pumzi. Alimfundisha kila alichokijua: asitazame nyuma, apande mlima kwa hatua fupi, anywe maji kabla ya kiu. Binti alimwita mama mdogo, na mara nyingine, akisahau, mama tu.

Kisha ikatangazwa mbio ya mji wa juu, kule milimani ambako mvua na ukungu havijui msimu. Klabu ya huko ilitaka mwanamke mmoja. Atakayetangulia atachukuliwa kambini, apewe kitanda, kocha na mshahara, kazi yake iwe kukimbia. Walioruhusiwa kupigania nafasi hiyo walikuwa na mwisho wa umri, na Mvuke alikuwa kwenye ukingo. Mwaka unaofuata jina lake lisingepokelewa. Katika chumba cha kufulia wenzake walimwambia asirudi. Mmoja alishachagua pasi yake.

"Nikirudi nitaikuta umeiunguza," alisema Mvuke.

"Ndiyo maana tunakuambia usirudi."

Binti naye alijiandikisha. Mvuke ndiye aliyemshawishi. Akazoee baridi, alisema, ana miaka mingi mbele.

Walipanda basi watatu pamoja, dada katikati, mafurushi mawili mapajani mwake.

Asubuhi ya mbio kulikuwa na manyunyu, yale yasiyoanguka bali yanayokaa hewani. Wanawake walibadilishia nguo darasani, katika shule iliyopakana na uwanja, wakirukaruka kati ya madawati. Mvuke akafungua fundo lake. Juu palikuwa na sweta la kutupa, soksi za mikono, bukta. Chini fulana mpya ya kijani yenye mikono mirefu, na ya binti ilikuwa hiyo hiyo, kijani ile ile, uzi ule ule wa njano shingoni.

Aliposhika yake, vidole vilisita. Kwa nje kitambaa kiliteleza kama kawaida. Kwa ndani kulikuwa na bitana, laini, yenye manyoya mafupi, na vidole vikamwambia papo hapo: pamba. Akaisugua tena kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Dada, hii ndani umeweka nini?"

Dada alikuwa amepiga magoti akimfunga binti yake kamba za viatu. Hakuinua kichwa. "Kitambaa kipya. Kinafanana na pamba lakini si pamba. Huku juu baridi yake si ya kwetu. Vaa, utaona."

Mvuke akavaa. Baadaye hili ndilo lililomtesa kuliko yote. Vidole vyake havikuwahi kumdanganya hata siku moja, na bado alivinyamazisha, kwa kuwa aliyekuwa akisema upande wa pili ni dada.

Mstarini alijisikia vizuri. Binti, kando yake, alikuwa akitetemeka, meno yanagongana.

"Mama mdogo, wewe husikii baridi?"

"Nimevalishwa vizuri leo," alisema Mvuke, akamsugua mikono.

Mwanzo wa mbio ulikuwa wake. Alitupa sweta mapema kwa sababu joto lilimzidi, akajitenga na kundi, akapanda mlima wa kwanza akiwa na mwanamke mmoja tu wa kumkaribia. Lakini jasho halikutoka mwilini, lilibaki. Fulana ilianza kunata kifuani, kisha ikaanza kuning'inia, na manyunyu nayo yakaongeza yake. Walipopita mgongo wa kilima upepo ukawapata. Mvuke alihisi kana kwamba mtu amemkumbatia kwa mikono iliyotoka kwenye maji ya kisima. Mabega yakapanda yenyewe hadi masikioni. Vidole vikafa ganzi ndani ya soksi. Alijaribu kuivua fulana akiwa anakimbia, ikamgandia mgongoni, akapoteza hatua, akaiacha.

Binti alimfikia kwenye mteremko. Alipunguza mwendo.

"Mama mdogo, una nini?"

"Nenda."

"Tunaenda wote."

"Nenda, nimesema. Usitazame nyuma."

Binti akaenda, na hakutazama nyuma, kama alivyofundishwa.

Mvuke alimaliza, midomo ya zambarau, akiwa nyuma ya watu ambao siku zote aliwasikia kwa nyayo tu. Walimfunika blanketi. Binti alikuwa wa kwanza. Watu wa klabu walikuwa tayari wamemzunguka, naye alikuwa akilia na kucheka, akimtafuta mama yake mdogo kwa macho juu ya mabega yao. Mvuke alimpungia mkono. Furaha aliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa ya kweli, na ilidumu mpaka bombani.

Kazi ya kusuuza nguo baada ya mbio ilikuwa yake daima. Wewe ndiye dobi wetu, walizoea kumwambia. Kwa hiyo alichukua fulana zote mbili akaenda kwenye bomba la nyuma ya madarasa. Akasuuza yake kwanza, akaikamua. Maji yalitoka, akakamua tena yakatoka, kama kitambaa cha kupigia deki. Akachukua ya binti. Akaisokota mara moja. Yakadondoka matone, ikawa karibu kavu mkononi mwake.

Akaigeuza ndani nje. Haikuwa na bitana.

Alisimama hapo, bomba likimwagika. Fulana mbili zilizokatwa kwa mkasi mmoja, mishono sawa, uzi wa njano sawa, zilizofanyiwa bidii ili mtu akizitazama asione tofauti. Angeonewa waziwazi, labda isingemuuma hivi. Hapa palikuwa na mtu aliyekaa mezani akafikiri, akapima, akaficha mshono.

Dada alimkuta hapo. Aliona fulana iliyogeuzwa, akafunga bomba.

"Utaumwa. Njoo ndani."

"Kitambaa kipya hiki?"

Dada akaichukua fulana ya binti, akaigeuza tena upande wake.

"Nimekuuliza pale darasani. Nimekuuliza kwa mdomo wangu, dada."

"Kile chepesi hakikutosha fulana mbili," dada alisema. "Yako nje ni kingine kinachofanana nacho, chembamba mno, ndiyo maana nikatia pamba ndani."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningempa yeye."

"Usingempa." Dada alisema bila ukali, kama anayetaja kipimo cha kiuno. "Ungesema mdogo atasubiri, ana miaka mingi mbele. Ulishasema. Anasubiri wapi? Pale dukani, akunje suruali za watu mpaka azeeke kama mimi? Wewe umekimbia, mdogo wangu. Umekimbia miaka yote hii na nimekuvalisha miaka yote hii. Mwanangu nimemvalisha mara moja."

"Na mimi ni nani wako?"

Dada alisogea karibu. Alinyoosha mkono amwekee blanketi vizuri begani, mkono ule ule uliomfunga kamba za viatu, na Mvuke akarudi nyuma hatua moja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuukwepa.

Alijiuliza, huku akitetemeka, kama kweli angempa binti fulana ile. Alitaka kuapa kwamba angempa. Lakini hakujua, na hatajua, kwa sababu hakuulizwa. Nafasi ya klabu mtu anaweza kuikosa kwa kushindwa, na akalala. Hii ya kuulizwa aliporwa na mtu aliyemjua vya kutosha kukisia jibu, na hakumwamini vya kutosha kulisikia.

Binti akatokea kwenye kona, anakimbia bado, miguu haijui kusimama. "Mama mdogo, wamesema wewe ndiye umenifundisha, wanataka kukuona. Mbona mko hapa?"

Dada alimtazama mdogo wake. Macho yake yaliomba, na Mvuke hakuwa amewahi kuyaona yakiomba.

"Nilikuwa nasuuza nguo," alisema Mvuke. "Nakuja. Nenda kavae kitu kikavu."

Hakumwambia binti siku hiyo, wala baada ya hapo. Katika basi la kurudi, binti akiwa amebaki kambini, walikaa viti vya mbali. Mvuke alifanya kazi hospitalini hadi mwisho wa mwezi, akawaachia wenzake pasi, akafunga mizigo yake mwenyewe. Hakupita dukani kuaga.

Siku hizi yuko mji wa juu, katika nyumba ya wageni nyuma ya stendi ya mabasi, anapiga pasi mashuka zamu ya mchana, ili asubuhi akimbie na binti.