Tulipogawana Nyumba Tukamsahau Mama

Naikumbuka siku moja ya mwanzo wa mvua, mwanangu, miaka ile ya hamsini, nilipokuwa mke kijana mwenye mali na kichwa kigumu. Mimi na mume wangu Mulenga tuliwauzia samaki wakavu watu wa migodi ya Katanga, na hapa Kashikishi nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, imeezekwa mabati. Ndoa ilipotushinda, tukaenda kwa chifu kugawana.

Watoto hawakuleta ugomvi. Kwetu ni wa ukoo wa mama. Mashua zikaenda kwake, cherehani kwangu. Kazi ikawa nyumba. Kiwanja kilikuwa cha ukoo wangu, kwa hiyo kuta zikawa zangu, lakini mabati aliyanunua yeye. Mulenga, nisimsingizie, alitaka kuniachia. Mimi nikakataa kulala chini ya kitu chake.

"Toa mabati yako yote," nikamwambia, "na musumari usibakishe."

Hasira hasara, lakini siku ile niliiona ushindi.

Akapanda juu na ndugu zake, na mvua ikawakuta kazini. Walipoezua chumba cha nyuma, tukamwona mama yake ameketi kitandani, analowa. Hakuna aliyekumbuka kumtoa. Tulikuwa tumeishi naye miaka sita, na asubuhi ileile, kama kawaida yake, alikuwa amenilowekea mihogo ya ugali.

"Munagawa nyumba, munagawa mpaka musumari," akasema polepole. "Na miye, mulinitia kwa nani?"

Wapiganapo tembo nyasi huumia. Mulenga akamchukua, wakahamia Chienge.

Siku ya nne nikaenda kuitoa mihogo ile majini. Ilikuwa imelainika vizuri, tayari kuanikwa. Nikakaa pale nikalia, mwanangu. Sikuililia ndoa yangu hivyo. Kesho yake nikafunga safari ya Chienge, nikampigia mama mkwe magoti.

"Mama, nimekuja kukutwaa."

"Bwana yako mulishaachana, mutoto wangu."

"Ni yeye tuliachana. Weye hatukuachana."

Akarudi nami. Watu wakacheka sana, eti nimeachwa na mume nikaoa mkwe. Wacha wacheke. Tuliishi naye miaka tisa chini ya paa la nyasi, akinilelea watoto. Alipofariki, Mulenga alikuja msibani, akanishika mikono yote miwili mbele ya ukoo wake.

"Aksanti, mama," akasema.

Basi, mwanangu, ndoa ikikushinda usione haya kudai kilicho chako. Haki ni haki. Lakini kabla hamjahesabu vitu, hesabuni watu. Bati hununuliwa tena dukani. Mzee aliyekulowekea mihogo ukimpoteza, duka lake sijaliona, na majuto ni mjukuu.

Mungu akujalie nyumba yenye amani. Na ukizeeka, hata ukikosa mengine yote, usikose mtu wa kukufuata akurudishe nyumbani.