Mkono wa Kushoto wa Karani Bethwel

Kiharusi kilipompiga Bethwel, kilichagua kama mwizi anayeijua nyumba. Kilibeba mdomo, kikabeba mkono na mguu wa kulia, kikabeba hata shingo. Kikamwachia masikio, ili asikose kusikia anavyohurumiwa. Kikamwachia pia mkono wa kushoto, lakini nusunusu: uliinuka hadi usawa wa bega ukakwama hapo, kiganja kimewaelekea watu, kama polisi wa barabarani aliyekosa magari.

Mtu mwingine angeulilia mguu. Bethwel aliulilia mdomo, maana alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu alichotaka kwenda nacho kaburini, na kitu chenyewe kilikuwa neno: hapana.

Hapana hiyo kijiji kizima cha Roret kiliijua. Kwa miaka ishirini na sita Bethwel alikuwa karani wa kituo cha majani chai, kile cha mabati kilicho juu ya kijito, ambako wakulima humwaga majani mezani yakaguliwe kabla ya kupimwa. Kalamu ilikaa mkono wa kulia. Wa kushoto ndio uliokuwa hakimu. Akiona majani magumu au mabua, hakufungua mdomo; aliuinua ule mkono, akaugeuza kiwikoni hadi vidoleni, akaupunga nje kama anayefukuza kuku jikoni. Maana yake, kaa kando uchambue upya. Alimpungia chifu. Alimpungia baba mkwe. Mkewe, Janeffer, alipungiwa wiki ile ile ya harusi, na chapati hazikuonekana katika nyumba hiyo mpaka mwezi ukaisha.

Mzani wake haukuwahi kula kilo ya mtu. Kwa hiyo watu walimsifu kuwa ni Mkristo wa kweli, na hapo ndipo maneno yalipoanza, kwa sababu Bethwel alijibu kwamba yeye si Mkristo wa kweli wala wa kuigiza. Utu ulimtosha. Alisema mtu asiibe kwa kuwa jirani ataumia, si kwa kuwa kuna anayemchungulia kutoka juu. Mkutano wa wakulima ukifunguliwa kwa maombi, alisimama kwa heshima zote, kofia mkononi, macho wazi. Mama mmoja alimwonya kwamba atachomeka. Akamwambia kwa hii baridi ya Julai, hata leo yuko tayari.

Hakuzaliwa hivyo. Zamani aliimba besi kwenye kwaya, na aliiimba vizuri. Kilichomtoa kanisani ni ule mwaka wa fujo za uchaguzi, wakati majirani Wakisii walipoambiwa warudi kwao, kana kwamba mtu aliyefukia kitovu cha mtoto wake Roret ana kwao kwingine. Nyambeki, ambaye shamba lake lilipakana na la Bethwel, alikimbilia kituoni na watoto wawili. Bethwel akawalaza chini ya rundo la magunia matupu, akafunga mlango, akakaa nje na daftari lake kama siku yoyote ya kazi.

Wanaume walipofika na mapanga, aliwatambua mmoja mmoja. Wawili walikuwa besi wenzake. Jumapili iliyopita walikuwa wamekula mkate wa Bwana katika sahani moja. Wakamuuliza kama amemwona yule mama. Akasema amepanda lori la asubuhi, sasa hivi anakunywa chai kwa ndugu zake Kisii. Wakamwambia aape kwa Mungu. Akaapa. Wakaondoka. Tangu siku hiyo hakurudi kwaya wala kanisa.

Fujo zilipotulia Nyambeki alirudi shambani kwake, na yeye na Bethwel wakaanza ubishi uliodumu miaka kumi na saba. Nyambeki alisema ni Mungu aliyemweka Bethwel pale mlangoni. Bethwel akauliza, kama ni Mungu, mbona wenzake aliwapa mapanga na yeye akampa daftari? Nyambeki akajibu kwa swali: si daftari ndilo lililoshinda? Walicheka, wakanywa chai, na kesho yake Nyambeki alileta majani akarudishwa nayo kando. Alipenda kuwaambia watu kwamba huyu mwanamume amemwokoa na kifo lakini bua moja hawezi kumsamehe.

Sasa, wiki ya tano ya kiharusi, Janeffer alikuwa na hofu ambayo hakuificha, maana aliisema mbele ya mgonjwa kana kwamba masikio nayo yamekwenda. Mtu asiye wa kanisa huzikwaje? Mchungaji angekuja kama jirani tu, akae viti vya nyuma. Hakungekuwa na kwaya. Jeneza lingeshushwa kimya kama gunia la mbolea, na yeye Janeffer, mama wa ushirika tangu usichana, angesimama kando ya shimo akikodolewa macho na Roret nzima. Kwa hiyo Alhamisi mchana akawaita watu wa kanisa.

Walikuja wamama sita na Mchungaji Kiptum. Nyambeki alikuwa miongoni mwao, akasimama miguuni pa kitanda. Kiptum hakuwa mtu wa fujo. Alivua viatu mlangoni, akakaa, akamweleza mgonjwa kwamba hakuja kumtisha na moto. Alisema kama mzani ungekuwa ndio mbingu, Bethwel angekuwa ameshafika zamani na wao wengine wangekuwa bado kwenye foleni. Wamama wakacheka. Bethwel naye akacheka ndani, kulikobaki kicheko. Kisha mchungaji akainama, sauti ikashuka.

“Mzee, tumekuja kwa upendo tu. Je, leo unampokea Bwana?”

Kukaa kimya kungetosha. Kimya angekuwa nacho hata bila kutaka. Lakini mtu aliyekagua majani miaka ishirini na sita hakuwahi kuacha gunia bovu lipite hivi hivi, na akiwa hana mdomo alikimbilia kile alichobaki nacho. Akauinua mkono wa kushoto aupunge nje. Ukapanda mpaka begani. Ukakwama, kiganja wazi. Miaka kumi na saba nje ya kanisa ilikuwa imemsahaulisha kwamba kule ndani mkono ukipanda una maana moja tu: nampokea.

Wamama wakapaza wimbo. Janeffer akaanguka kifuani pake akilia. Bethwel alilazimisha kiwiko kigeuke, kikakataa. Jicho la kulia, ambalo halikufumba tena sawasawa, likatiririka machozi yake ya kila siku, na mama mmoja akasema tazameni, anatubu.

Ni Kiptum mwenyewe aliyewanyamazisha. Alisema hataki kumwandika mtu kwa mkono uliopanda wenyewe kwa ugonjwa. Akauliza ni nani aliyezizoea ishara za mzee. Janeffer alikuwa amefunika uso kwa leso, haoni kitu tena. Wakamgeukia Nyambeki.

Nyambeki aliutazama mkono. Aliutazama pale kiwikoni, palipokuwa pakihangaika kugeuka. Bethwel akaona ameelewa. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, alihisi kama amesema neno na limefika. Huyu atawaambia. Kama kuna mtu Roret anayeijua hiyo ishara, ni huyu.

“Amekubali,” Nyambeki akasema. “Mwandike.”

Wimbo ukarudi kwa nguvu mpya. Kiptum akatoa daftari la washirika. Nyambeki akazunguka kitanda, akainama kama anayenyoosha mto.

“Karani, nimeiona,” akamnong'oneza. “Umenirudisha kando miaka mingapi, nikose kuijua? Lakini siku ile uliapa uongo ndio mimi nipite. Leo wacha na mimi nikuapie wangu.”

Bethwel alikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri, pengine zuri kuliko yote aliyowahi kumpa. Kwamba wale wa siku ile walikuwa na mapanga, na hawa wana vitabu vya nyimbo. Sasa Nyambeki anamficha asionwe na nani? Jibu likazunguka mdomoni kama kuku aliyefungiwa, likakosa mlango.

Ng'ambo ya kitanda Janeffer alikuwa amefunua uso. Alikuwa akitabasamu, meno yote, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki tano, na tayari alikuwa akimwuliza mchungaji kama kwaya itahitaji kuambiwa mapema. Bethwel akamtazama. Akajua kwamba hata kama mdomo ungerudi sasa hivi, asingeweza kulisema lile neno mbele ya uso ule.

Mkono bado ulikuwa juu. Nyambeki akaushika, akaushusha taratibu, akauingiza chini ya blanketi. Kisha akakunja ukingo na kuukaza pande zote mbili, kama mtu anayefunga gunia lililokwisha kupimwa.