Kode Iliyokaa kwa Mama

Chuo kilipotangaza kwamba kuanzia muhula ule hakuna atakayeingia kwenye akaunti yake kwa neno la siri peke yake, mpaka na kode itumwe kwenye simu, mimi nilicheka. Si kwa ujinga, la! Nilikuwa naandika tasnifu juu ya mambo hayohayo. Kurasa mia moja na arobaini kuhusu jinsi wazee wa mitaa ya Nyamirambo na Biryogo wasivyojua kujilinda mtandaoni. Niliwahoji wazee kumi na wawili. Mhojiwa namba saba alikuwa mama yangu mzazi, na katika sura ya nne niliandika, kwa ukali wote wa kitaaluma, kwamba yeye ndiye aliye hatarini kuliko wote, maana humwamini kila anayempigia simu na kumwita mama.

Siku ya kusajili namba, simu yangu ilikuwa kwa fundi, kioo kimepasuka. Foleni ilishuka mpaka kwenye ngazi. Bwana wa ofisi ya kompyuta akaniambia bila kuinua macho, "Toa namba ambayo haipotei wala haizimwi." Katika ukoo wetu mzima namba ya namna hiyo ni moja tu. Mama ana simu ndogo ya tochi, chaji yake inamaliza wiki, na laini hajaibadilisha tangu ainunue. Nikaitoa hiyo. Nitaibadilisha kesho, nilijiambia, nikakaa mwaka na nusu.

Basi ikawa kila nikitaka kuingia, hata kusoma tangazo la maji kukatika bwenini ambako silali, tarakimu sita zinaruka mpaka Biryogo, kwenye cherehani ya mama. Nampigia. Kode inaishi dakika tano. Salamu za mama zinahitaji saba.

"Mama, soma kwanza, tutasalimiana baadaye!"

"Toba! Huko chuoni ndivyo wanavyowafundisha kuongea na mzazi?"

Kode imekufa. Tunaomba nyingine, na safari hii naanza na shikamoo, nauliza goti, nauliza jirani.

Ikafika ile Ijumaa. Tasnifu ilitakiwa iingie kwenye mfumo kabla ya saa kumi na moja jioni, na atakayechelewa angesubiri mwaka mzima. Mimi mwaka sikuwa nao. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, mvi kwenye ndevu, na bosi alishanieleza wazi kwamba bila shahada ile cheo changu anakipata mwenzangu. Saa tisa na nusu niko maktaba, kila kitu tayari, nikaomba kode. Nikapiga simu. Nikatoa shikamoo ya nguvu.

"Marahaba. Kode iko hapa. Sitoi."

"Mama?"

"Ujumbe unasema usimpe mtu yeyote. Kwani wewe si mtu?"

"Mama, ni mimi mwanao!"

"Hata yule wa asubuhi aliniita mama. Njoo nikuone uso." Akakata.

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, na kompyuta kifuani, hasira zimenijaa mpaka kwenye helmeti. Njia nzima nilimsimulia dereva makosa ya mama yangu, na dereva akawa anasimama kila taa nyekundu hata pasipo na gari, maana mji huu taa inaheshimiwa kuliko profesa. Mwaka na nusu, nikawaza. Mwaka na nusu namwelekeza, bado haelewi. Nilitamani kumrudisha kwenye sura ya nne nimwongezee aya mbili.

Nilimkuta anapinda suruali ya mtu, simu kaifunga kwenye pindo la kitenge. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Sasa ndiyo wewe," akasema. "Keti. Asubuhi kanipigia mwanaume, sauti tamu, ananiita mama kila neno. Eti anatoka chuoni. Jina lako analo lote. Eti nisipomsomea namba utafukuzwa leo leo. Nikamwambia wakimfukuza, mleteni nyumbani, chakula kipo."

"Akasemaje?"

"Akapiga tena mara mbili. Kila akipiga, namba mpya zinaingia. Nikamuuliza, wewe mtoto wa nani? Akakata. Nilitaka kukwambia, lakini wewe kwenye simu ni kelele tu."

Kode haiji mpaka mtu aandike neno la siri kwanza. Kumbe mtu alikuwa nalo. Ndipo nikakumbuka barua pepe ya jana yake, yenye nembo ya chuo, iliyosema akaunti yangu ingefungwa kabla ya jioni nisipojaza fomu. Nilijaza. Jina, neno la siri, na namba ya simu inayopokea kode. Nilijaza mbio mbio hata chai haijapoa, mimi mwenye kurasa mia moja na arobaini.

"Namba yangu aliipata wapi?" mama akauliza.

"Wezi wa siku hizi, mama," nikasema. "Hatari sana." Aibu nilikuwa nayo, lakini ulimi ukaendelea tu.

Nikafungua kompyuta juu ya meza yake ya kukatia vitambaa nibadilishe neno la siri. Kabla sijagusa herufi hata moja, mama akageuza kigoda chake akaelekea ukutani.

"Unaweza kutazama, mama. Hakuna neno."

"Lako ni lako," akasema, mgongo umenielekea. "Langu ni hili hapa." Akaigonga simu ya tochi kwa kucha. Alikaa hivyo mpaka nilipomwambia nimemaliza, ndipo akanisomea tarakimu sita, moja moja, akisubiri niitikie kila moja.

Tasnifu ikapanda. Mstari wa kijani ukajaa polepole, na chini yake kikatokea kitufe cha mwisho cha kuwasilisha. Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini na mbili.

"Ndicho kile kitabu ulichokuja kunihoji?" mama akauliza. "Na mimi umeniandika vizuri?"

Dakika nane. Kurekebisha sura ya nne kungechukua wiki.

"Vizuri sana, mama."

"Basi tuma."

Nikabonyeza. Akasema alhamdulillahi, akanimiminia chai na kuniwekea sukari vijiko vitatu kama ninavyopenda. Sikuweza kumtazama usoni. Niliinywa yote.