Talaka Iliyoacha Zizi Salama

Barazani Mbozi tulikuwa mzee wa baraza, mume na mke waliokuja kuachana, baba wa mke, na mimi, jirani yao, na mwanangu mgongoni. Kwa desturi, baba alipaswa kurudisha ng'ombe wa mahari. Lakini alikwisha kuwatoa mahari ya kumwoza mwanawe wa kiume. Angewadai, mkwe wake, mke wa mwanawe huyo, naye angeachika.

"Nivunje na nyumba ya pili?" akauliza baba.

Mume akavua kofia. "Baba, waache ng'ombe huko huko. Watoto mlionipa wananitosha."

Mke akamgeukia. "Kumbe una moyo hivyo! Ungeuonyesha nyumbani, tusingefika hapa."

Mzee wa baraza alicheka hadi akajifuta macho. Wengi hulia kwamba talaka imemaliza zizi. Hii ilikula ada ya baraza tu.

Mavuno yaliyofuata, yule mkwe, akiwa bado kwa mumewe, alijifungua binti.