Nilimnyang'anya Nyanya Kikombe cha Maji ya Sukari

Mkosaji ni mimi. Msinitafutie kisingizio, nilikwisha kuvitafuta vyote mwenyewe, na vyote vinanuka.

Nilikuwa nimetoka chuo Nairobi na digrii ya udaktari. Nikatumwa hospitali moja ndogo huku kwetu Kisii. Koti jeupe, kalamu tatu mfukoni, na woga! Kila mgonjwa nilimwandikia magonjwa kumi anayoweza kuwa nayo, kisha nikakaa nikihofia la kumi na moja. Mpumbavu mwenye cheti, ndivyo nilivyokuwa.

Akaletwa mtoto wa kiume kutoka Gesima, wa wiki tatu. Macho na ngozi vilikuwa bado vya manjano. Alinyonya kidogo akasinzia. Na macho yake hayakutulia, yalichezacheza pembeni kama yanatafuta kitu ukutani.

Sista wa wodi, mama aliyezalisha nusu ya tarafa ile, alifungua nepi akaniita. "Daktari, tazama na huku chini. Uume ni mdogo mno. Si kawaida."

Nikacheka! "Sista, tunatafuta ugonjwa, hatutafuti mchumba."

Nilijiona mjanja. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi.

Aliyemlea mtoto wodini ni nyanya yake, kwa kuwa mama alikuwa bado mgonjwa wa uzazi, amelazwa chumba cha pili, akiletewa mtoto wa kunyonya tu. Asubuhi ya pili nilimkuta akimnywesha maji ya sukari kwa kijiko. Akanisalimia kwa Kikisii. Mimi ni Mkisii kama yeye, lakini nilimjibu kwa Kiswahili ili ajue anaongea na nani. Ona ujinga huo!

"Unampa nini?"

"Maji na sukari, daktari. Hii mtoto anazima kama taa ya kibatari. Nikimpa, anawaka."

"Unamjaza uchafu tumboni! Ndiyo maana ni wa manjano."

"Uchafu? Maji nimechemsha mwenyewe. Wewe leo umechemsha nini?"

Wodi nzima ikacheka. Hapo ndipo nilipokosea, jamani. Sikukasirikia ugonjwa, nilikasirikia kicheko. Nikamnyang'anya kikombe, nikamwaga maji kwenye sinki, nikaagiza asipewe kitu ila maziwa ya mama. Na maziwa yenyewe mtoto hakuwa na nguvu ya kuyavuta!

Nikaenda ofisini kufikiri. Nilijaza karatasi tatu. Homa ya uti wa mgongo? Ini? Kaswende ya kurithi? Niliogopa kumwita daktari mkuu asije akaniona sijui. Swali moja tu sikuliandika: mama, usipompa hayo maji, huwa anakuwaje?

Saa nane mchana sista alipiga kelele. Mtoto alikuwa baridi, jasho limemtoka, mwili wote unatetemeka. Mimi nikakimbilia kitabu. Kitabu! Kisha nikaanza kutafuta sindano ya kutoboa uti wa mgongo, huku dakika zinakwenda.

"Daktari, sukari!" sista akanifokea. Hakungoja ruhusa yangu. Akamtoboa kisigino, tone la damu likawekwa kwenye kijikaratasi cha kupimia sukari. Rangi haikubadilika: sukari karibu hakuna. Glukosi ikaingia mshipani na mtetemeko ukakoma.

Daktari mkuu alipofika alitazama macho, manjano, nepi, halafu kile kijikaratasi. Akasema ni ubongo, mishipa ya macho, na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ile inayoamrisha tezi nyingine. Havikuumbika sawasawa tumboni. Bila amri za tezi hiyo sukari ya damu huanguka, manjano hayaishi, na uume haukui. "Vyote vilikuwa mbele yako," akaniambia. "Ulikuwa unasoma nini?"

Mtoto akaanzishiwa dawa na kukimbizwa Nairobi na sista. Huko walithibitisha. Dawa atameza maisha yake yote. Macho yasiyoona vizuri alizaliwa nayo. Lakini mkono wa kulia uliokakamaa, kwa ubongo kukosa sukari siku ile, ni kazi yangu mimi.

Na bado sijafika kwenye uchafu wenyewe.

Gari lilipoondoka, nyanya alinishika koti. "Daktari, ni mimi? Ni ile sukari yangu?"

Nikamjibu, "Tutaona."

Tutaona! Mbwa angekuwa na haya kuliko mimi.

Miezi saba nilinyamaza. Kisha nikaenda Gesima, nikamkuta anachuma majani chai. Nikamwambia kwa Kikisii, nikiwa nimesimama: sukari yako ndiyo iliyokuwa ikimweka hai, mimi ndiye niliyeikata.

Hakunitukana. Alitua kikapu chini. "Miezi saba sijambeba," akasema. "Mama yake akinipa, nasema mgongo unauma. Niliogopa nitammaliza."

Akaniacha pale, akapanda kilima kuelekea nyumbani akikaribia kukimbia, mwanamke wa umri ule.

Ninyi mnaomaliza chuo mwaka huu na kujaa majina ya magonjwa, nisikieni. Sisemi maji ya sukari ni dawa ya kila mtoto, sivyo. Nasema muulize anayembeba mtoto, umsikilize mpaka amalize, umvue mtoto nguo zote umtazame. Usipojua, ita mwenzako hata kama atakucheka. Na ukishakosa, sema siku hiyohiyo. Usimwachie nyanya wa watu hatia yako aibebe.